Pampu yangu naificha kwenye debe la unga

Assalaam aleikum Shangazi,

Naandika nikiwa jikoni, mama mkwe amelala na mtoto amelala. Nina miaka 29, naishi Bombo, nimeolewa mwaka wa sita huu. Tuna binti wa miaka 4, na sasa nina mimba ya miezi mitano. Mume wangu ni dereva wa lori, anapakia Kampala anashusha Elegu, kwa hiyo nyumbani analala siku mbili au tatu kwa wiki. Siku nyingine tuko mimi, binti yangu na mama yake mume.

Pumu ninayo tangu nikiwa darasa la tatu. Nilikua na pampu ya buluu, ikinibana navuta, ikiachia naisahau. Mwaka jana mwezi wa Novemba ilinibana usiku kwa namna ambayo sijawahi kuiona. Nilivuta ile ya buluu mpaka mikono ikatetemeka, kifua kikakataa. Bahati mume wangu alikuwepo. Boda haikupatikana saa zile, akanibeba mgongoni kutoka nyumbani mpaka barabara kuu, pekupeku. Hospitalini niliwekewa mashine ya mvuke, nikapewa vidonge vya prednisoloni, nane kila asubuhi kwa siku tano. Kabla ya kuruhusiwa, daktari mmoja kijana alikaa na mimi karibu nusu saa. Akaniandikia pampu nyingine, ya rangi ya kahawia. Akasema hii ndiyo ya kinga, vuta mara mbili asubuhi na mara mbili usiku hata siku unayojisikia mzima. Akachukua chupa tupu ya maji, akaitoboa kitako, akachomeka pampu pale, akanionyesha jinsi ya kuvuta polepole kwa mdomo wa chupa.

Shangazi, shida ilianza nilipofika nayo nyumbani. Mume wangu alikuwa na dada, ndiye aliyemlea baba yao alipofariki. Dada huyo alikuwa na pumu, akafa mwaka 2016. Walimkuta alfajiri ameegemea ukuta, pampu iko mkononi. Kwao wote, pampu ndiyo iliyomuua. Mama mkwe anasema alianza na mara mbili kwa siku, akafika hata hesabu hajui, mpaka moyo ukachoka. Anasema ukishaanza pampu huachi tena, mapafu yanakuwa mavivu. Mume wangu alisoma karatasi iliyokuwa ndani ya boksi, akaona neno steroidi. Akasema hiyo ni ile dawa ya vijana wa jimu wanaojaza misuli, baadaye hawazai. Akasema, "Hiyo kitu sitaki kuiona ndani ya nyumba yangu." Hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ya chini, akatoka nje.

Niliacha. Wiki za kwanza sikuona tofauti, nikasema pengine wana haki. Kisha nikapata mimba, na kifua kikaanza kubana tena. Nikawa navuta ya buluu mara nne, mara tano kwa siku, na usiku naamka nimekaa. Niliogopa, nikairudia ile ya kahawia kwa siri. Naiweka ndani ya debe la unga wa muhogo, nimeifunga mfuko wa plastiki. Navutia chooni, gizani, haraka haraka, nikisikiliza kama mlango wa mama unafunguka. Ile chupa sikuweza kuificha, nikaitupa.

Kifua kimetulia, hilo siwezi kukataa. Ya buluu sasa naigusa mara moja kwa wiki, au nisiiguse. Lakini sauti yangu imekauka, mama mkwe anauliza mbona naongea kama jogoo mchanga. Na ulimi umefanya utando mweupe unaouma nikila pilipili. Wiki iliyopita kliniki ya wajawazito, mwenzangu aliyekaa nami kwenye benchi aliniambia steroidi humfikia mtoto tumboni, huzaliwa na mdomo uliopasuka. Tangu siku hiyo sijalala vizuri.

Pesa nayo. Nauza mandazi asubuhi, na pampu moja inakula faida ya zaidi ya wiki. Mume wangu anauliza faida inakwenda wapi. Anadhani natuma kwetu Arua kwa siri. Tumegombana kwa hilo mara mbili, na mara zote nimenyamaza.

Kuna jambo jingine sijamwambia mtu. Mwezi jana nilikuwa nasafisha lori lake, nikafungua kisanduku cha mbele ya kiti. Nikakuta pampu ya buluu, ya zamani, imefungwa leso ya kike. Najua ni ya marehemu. Niliirudisha kama ilivyokuwa.

Na mama mkwe mwenyewe anakohoa kila asubuhi, kikohozi cha makohozi, miaka sasa. Amepika kwa kuni maisha yake yote. Juzi alitoka kuchota maji akakaa chini kizingitini, hawezi kusema. Nilitamani kumpa pampu yangu ya kahawia avute kidogo, nikaogopa.

Nifanye nini, Shangazi? Niache dawa kwa ajili ya mtoto? Niendelee kuficha mpaka nijifungue? Nikimwambia mume wangu ataona nimemdanganya miezi yote hii, na sidhani atanisamehe.

Mwenye siri, Bombo

*

Waaleikum salaam, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza niliona mke anayemficha mumewe dawa. Mara ya pili nikaona mama anayeogopa kwamba kinachompa yeye pumzi kinamdhuru mwanawe. Mara ya tatu nikaiona ile leso. Nadhani barua yako yote imezunguka leso hiyo, hata kama uliitaja karibu na mwisho.

Nianze na mtoto, maana huwezi kusikiliza mengine ukiwa na hofu hiyo.

Aliyekuambia habari ya mdomo uliopasuka hakuitoa hewani. Zipo tafiti za zamani zilizohusisha vidonge vya steroidi, si pampu, na tatizo hilo, kwa uwezekano mdogo, pale vinapotumika miezi ya mwanzo. Mdomo na kaakaa la mtoto hufungika ndani ya miezi mitatu ya kwanza. Wewe uko wa tano. Dawa za pampu ya kinga, kama beklometasoni na budesonidi, zimetumiwa na wajawazito wengi sana kwa miaka mingi, na kwa dozi za kawaida hazijaonekana kumpasua mtoto mdomo. Pumu iliyoachwa ibane, hiyo ndiyo yenye madhara yanayojulikana vizuri: shinikizo la damu la mimba, mtoto kuzaliwa kabla ya wakati, mtoto kuzaliwa na uzito mdogo. Mtoto tumboni hana hewa yake, anavuta kupitia kwako. Usiku ule unaoamka umekaa, mko wawili mnaotafuta pumzi.

Kwa hiyo swali lako la kwanza nalirudisha kwako nimeligeuza: ukiacha dawa kwa ajili ya mtoto, mtoto atakuwa amepata nini? Usiache peke yako nyumbani. Nenda kliniki ukaseme neno kwa neno unachotumia, jina lake, mara ngapi kwa siku. Huenda mkunga akakupeleka kwa daktari, huenda dozi ikaangaliwa upya. Karibu theluthi ya wajawazito wenye pumu huzidiwa, theluthi hupata nafuu, na waliobaki hukaa vilevile, kwa hiyo kuangaliwa mara kwa mara ni jambo la lazima kwako. Na kama kuna dawa nyingine yoyote unayotumia, itaje pia. Nawaambia na wasomaji wengine: baadhi ya dawa za VVU zenye ritonaviri huzuia mwili kuvunja steroidi za pampu fulani, zikajikusanya, na daktari asiyeambiwa hawezi kukukinga.

Sasa neno lenyewe, steroidi. Mume wako alisoma karatasi, na mimi napenda mwanamume anayesoma karatasi ya dawa kabla mkewe hajaimeza. Ila neno hilo ni kama neno "mafuta": kuna ya kupikia na kuna ya lori lake. Steroidi za jimu zinatokana na homoni ya kiume. Hizi za pumu ni za ukoo wa homoni nyingine, kotisoli, ambayo mwili wako na wa mume wako unaitengeneza kila siku katika tezi ndogo zilizokaa juu ya figo. Kazi yake mojawapo ni kutuliza uvimbe. Hazijazi misuli wala hazimfungi mtu uzazi, na wewe mwenyewe ni shahidi.

Tena kuna kiasi. Vile vidonge vinane ulivyopewa, kama vilikuwa vya miligramu 5 kila kimoja, ni miligramu 40 kwa siku, yaani 200 kwa siku tano. Pampu za kinga hupimwa kwa mikrogramu, na miligramu moja ni mikrogramu 1,000. Chukua pampu ya mikrogramu 100: mara nne kwa siku ni mikrogramu 400. Kufikia uzito wa vile vidonge vya siku tano, utavuta siku 500. Hesabu ya uzito peke yake si hesabu ya nguvu, dawa hizi mbili hazilingani gramu kwa gramu, lakini uone tofauti ya kunywesha mwili mzima na kupaka palipovimba tu. Ndiyo sababu dawa hii iliwekwa ndani ya pampu, na beklometasoni ya kuvuta imekuwa ikitumika tangu mwaka 1972. Sisemi haina madhara. Dozi kubwa kwa miaka mingi inaweza kupunguza ugumu wa mifupa na kuzifanya tezi zilale, na ndiyo maana daktari hutafuta dozi ndogo inayotosha, akipunguza pumu ikitulia kwa miezi. Mtu aliyezoea dozi kubwa hatakiwi kukata ghafla.

Utando ulimini na sauti iliyokauka ni madhara ya kweli ya pampu hii, lakini yanazuilika. Dawa ikikwama mdomoni na kooni badala ya kushuka kifuani, fangasi hupata mahali pa kuota. Na kwa nini inakwama? Kwa sababu unavuta gizani, kwa pumzi moja ya mwizi, bila chupa, kisha unatoka mbio bila kusukutua. Sauti yako haikukaushwa na dawa peke yake, mwanangu. Imekaushwa na kujificha. Mwonyeshe mkunga ulimi, dawa ya fangasi ya kinywa ipo na hutibu. Kisha sukutua na kugogomoa kwa maji kila baada ya kuvuta, uteme.

Ile chupa uliyoitupa inanisikitisha kuliko vyote. Daktari yule alikufanyia kitu kizito. Mwaka 1999 madaktari wa Cape Town walichapisha utafiti walioufanya kwa watoto waliobanwa na pumu: chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitako na kuzibwa vizuri kuzunguka pampu, ilipeleka dawa kifuani sawasawa na kifaa cha kununua. Chupa ya maji iliyookotwa! Utaitikisa pampu, utatoa pumzi yote, utabonyeza mara moja, utavuta polepole kwa mdomo wa chupa, utashikilia ukihesabu mpaka kumi, ndipo urudie. Kwa haraka ya chooni haiwezekani. Inataka mtu aliyekaa, kwenye mwanga, asiyeogopa mlango.

Nije kwa wifi yako, Mungu amrehemu.

Wao wanasema pampu ilimuua. Wewe umeiona pampu hiyo, na umeniandikia rangi yake. Sikuwepo usiku ule, wala si daktari wake, kwa hiyo siwezi kusema alikufa kwa nini. Nitakueleza tu kilicho kweli kuhusu ile ya buluu, nawe utafakari. Kwa kawaida buluu ni salbutamoli, ingawa rangi hubadilika kwa kiwanda, hivyo soma jina siku zote. Salbutamoli hulegeza misuli iliyozibana njia za hewa. Huachia kwa dakika chache, na baada ya saa chache nguvu yake imekwisha. Uvimbe ulioko ndani ya njia zile hauugusi. Mtu anapata nafuu, anajiona amepona, huku ndani kunazidi kuvimba, na kesho anahitaji zaidi. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu unasema mtu mzima asitibiwe kwa dawa hiyo peke yake, apewe na steroidi ya kuvuta. Anayemaliza pampu tatu za buluu au zaidi kwa mwaka yuko kwenye hatari ya kubanwa vibaya, na anayefika kumi na mbili hatari yake ya kufa huongezeka.

Basi mama mkwe hakudanganya. Aliona binti yake akivuta mara mbili, kisha zaidi, kisha bila hesabu, na akaona mwisho wake. Aliyoyaona ni kweli. Ninachojiuliza ni maana yake. Je, pampu ndiyo iliyomvuta wifi yako kuelekea kifo, au ilikuwa inapiga kengele kila siku kwamba kuna nyingine inayokosekana? Miezi ile uliyoacha ya kahawia, ulikuwa unavuta ya buluu mara tano kwa siku. Ulikuwa umeingia njia ileile aliyopita yeye. Ulitoka kwa kurudia dawa ambayo labda yeye hakuwahi kupewa.

Kuhusu mapafu kuwa mavivu, dawa ya kinga haifanyi hivyo, na haina uraibu. Ukiacha, pumu inarudi kwa sababu ilikuwepo, kama mwenye presha anavyorudiwa na presha. Na inachelewa: huchukua siku, hata wiki, kuonyesha kazi yake, na ikiachwa madhara huchelewa vilevile. Ndiyo sababu wiki zako za kwanza hukuona kitu ukasema wana haki.

Sasa la kumwambia mume au kutomwambia. Hapo sina hukumu, maana nyumba ni yako na unamjua wewe. Ila kuna mambo mawili uliyoyaandika kama ukweli uliokwisha, na naomba uyatazame tena.

Unasema mume wako alikataza dawa. Maneno uliyoniandikia ni haya: "Sitaki kuiona ndani ya nyumba yangu." Alisema kwa sauti ya chini, akatoka nje. Je, ni mtu anayekataza huyo, au ni mtu asiyeweza kukitazama kitu? Mwanamume anayeamini kwamba pampu ni sumu hatembei na pampu kutoka Kampala mpaka Elegu, imefungwa leso ya dada yake.

Unasema pia hatakusamehe. Huenda una sababu ambazo hukuniandikia, na kama zipo, kama amewahi kukupiga au unaogopa atafanya hivyo, puuza ninayosema hapa chini, uniandikie upya, tutafute njia nyingine yenye usalama. Lakini mtu niliyemwona katika barua yako alikubeba mgongoni pekupeku. Hivi sasa anaamini pesa inatoroka kwenda Arua. Wewe umenyamaza kulinda siri ya dawa, na ukimya huo umempa siri nyingine ya kuwazia, mbaya kuliko yako. Lipi lingemuuma zaidi akilijua?

Ukiamua kuficha mpaka ujifungue, nakuelewa, wengi wamefanya hivyo. Hatari yake ni moja na ni kubwa: usiku utakaobanwa, yeye yuko njiani, na mtu pekee wa karibu ni mama anayeamini kwamba kukunyima pampu ni kukuokoa. Ukichagua njia hiyo, basi lazima awepo mtu mzima mmoja, jirani au ndugu, anayejua kila kitu: pampu ziko wapi, na namba ya dereva wa boda au gari anayeamka usiku. Ajue kwamba ukishindwa kumaliza sentensi, midomo ikibadilika rangi, au ya buluu isiposhika, ni hospitali saa hiyohiyo. Mwendako, vuta ya buluu mara 4 mpaka 10, moja moja, kwa chupa, na mnaweza kurudia kila baada ya dakika 20 mpaka mfike.

Ukiamua kumwambia, unaweza kumwambia mkiwa wawili, au mbele ya mtu anayemheshimu. Huku Buganda mwanamke ana ssenga wake, yaani shangazi wa upande wa baba, wa kusema yasiyosemeka, na kwenu naamini hakosi mjomba au shangazi wa aina hiyo. Faida ya mtu wa tatu ni kwamba sauti haipandi. Hasara ni kwamba mume anaweza kuona umemwaibisha kwa kutoa siri nje kabla yake, na dereva akikasirika huwasha lori akaondoka. Njia nyingine ni kumwomba akusindikize kliniki siku moja aliyo nyumbani, umwachie daktari habari ya dawa, wewe ubaki na habari ya nyumba. Wanaume wengi humsikiliza mtu mwenye koti jeupe kuliko mke, jambo ambalo silipendi lakini nalijua.

Kuna na mlango wa tatu, ambao uliufungua mwenyewe bila kujua: kikohozi cha mama.

Kwanza, ulifanya vema kutompa pampu yako. Kikohozi cha miaka, makohozi, kuishiwa pumzi kwa mama aliyepika kwa kuni maisha yote huenda si pumu. Unaweza kuwa ule ugonjwa wa mapafu wa kuziba njia za hewa taratibu, ambao sisi tunao kwa wingi kuliko tunavyodhani. Watafiti walipima watu wa zaidi ya miaka 30 huko Masindi, na matokeo yaliyotoka mwaka 2015 yalionyesha takriban mtu mmoja kati ya sita anao, na moshi wa majumbani ulikuwa mwingi karibu kila nyumba. Katika ugonjwa huo steroidi ya kuvuta si dawa ya kila mtu. Huwafaa baadhi, hasa wanaozidiwa mara kwa mara, wakipewa pamoja na dawa za kufungua njia, lakini huongeza uwezekano wa nimonia. Kabla ya yote apimwe kifua kikuu, maana kikohozi cha zaidi ya wiki mbili nchini kwetu hakiachwi bila kupimwa makohozi, tena nyumbani mna mtoto mdogo na mjamzito. Mapafu yana wataalamu wake, pale hospitali ya Mulago na katika Taasisi ya Mapafu ya Chuo Kikuu cha Makerere, lakini mwanzo ni kituo cha afya kilicho karibu nanyi.

Mpeleke wewe. Mkae benchi moja. Mama atakayepimwa kifua kwa upole, akaelezwa kwa nini hawezi kupanda na ndoo, huenda siku hiyo akauliza habari ya binti yake. Huenda asiulize. Njia hii ni ndefu, na inakuacha ukiendelea kuficha kwa muda, sitaki kukudanganya. Ila kuna jambo moja ambalo nyumba yenu yote inalihitaji bila kungoja mtu yeyote akubaliane na mwingine: moshi upungue. Pikia nje au kwenye upenyo, sigiri isiingizwe ndani usiku, na mandazi yako ukaangie panapopita upepo. Hilo halihitaji ruhusa wala siri.

Pampu za kinga mara nyingi hazipatikani kwenye vituo vya serikali, lakini uliza kila uendapo, siku nyingine huwepo. Ukinunua, andika tarehe juu ya mkebe wake. Kama ni ya mipulizo 200 na wewe unavuta minne kwa siku, itakwisha siku ya 50, hata ukiitikisa ukasikia kitu bado kinacheza ndani. Na iondoe kwenye unga. Vumbi la muhogo likiingia kwenye mdomo wa pampu, utalivuta.

Ile ya kwenye lori usiiguse, wala usiitumie hata ukibanwa, haina tena nguvu ya kutegemewa. Lakini nadhani siku moja mume wako akiwa amepumzika, amekula, binti amelala, kabla hujasema neno lolote kuhusu pampu yako unaweza kumwuliza kuhusu dada yake. Si alikufa vipi. Alikuwa mtu wa namna gani, alimpikia nini alipokuwa mdogo, pumu ilimwanza lini. Inawezekana tangu mwaka 2016 hakuna aliyemwuliza. Msikilize mpaka mwisho, hata ikifika alfajiri. Ya kwako utajua mwenyewe kama usiku huo ndio wake au bado.

Niandikie baada ya kliniki, unieleze ulimi umesemaje na mama amepimwa nini. Nakuombea pumzi nyepesi, wewe na huyo aliye tumboni.

Shangazi yako